Mgongo wa Bi Zamoyoni Watafuta Gari

Msomaji, kama unaishi katika nchi yenye akili timamu, ambamo viongozi hutembea kwa miguu na wananchi huulizwa wanaumwa wapi, haya hayakuhusu. Funga kitabu ukalale salama. Yalitokea mbali sana, katika nchi ambayo siitaji jina, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe hubadilishwa kila Mtukufu anapopata mjukuu, na mimi nilipoondoka mke wa mwanawe alikuwa mjamzito.

Nilifika huko kwa miguu, kama nilivyofika kwingi. Jambo la kwanza nililoliona ni watu wote kando ya barabara wametazama chini. Nikadhani kuna mtu kaangusha sindano, nami kwa wema wangu nikainama niwasaidie kutafuta. Wema huo ndio ulioniokoa. Kumbe hakuna kilichopotea. Mtukufu Tindiro alikuwa anapita.

Sheria yao ni hii. Msafara wa Mtukufu ukipita, kila aliye barabarani au karibu na barabara huinama, mikono magotini, macho kwenye vidole vya miguu, mpaka gari la mwisho lipite. Zamani, waliniambia, haikuwa taabu. Mtukufu alikuwa na gari moja na pikipiki moja. Uliinama, ukakohoa, ukainuka. Lakini taifa likaendelea. Likaongezwa gari la walinzi, na la walinzi wa walinzi. Likaja la daktari, la mpishi, la mwonja chakula, la kubebea kiti cha Mtukufu, la kubebea zulia la chini ya kiti. Wakaja mawaziri wa kumsindikiza, na mawaziri wa kuangalia kama wale wa kwanza wanasindikiza kwa furaha. Mwanamke akiinama na chungu cha maharage kiko mekoni, akiinuka anakuta makaa.

Basi migongo ya nchi ile ikaharibika, ya wakubwa kwa wadogo. Lakini hospitalini hakuna mtu anayeumwa mgongo, kwa kuwa maneno hayo yamepigwa marufuku. Ukiingia umeshika kiuno, daktari naye ameshika chake, anakuandikia "uchovu wa shukrani", na dawa yake ni kuinama kwa moyo zaidi.

* * *

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Zamoyoni, mjane, aliyepikia wanafunzi wa shule ya mji ule mpaka mwiko ukamshinda. Alinipa chumba cha uani nami nikamsaidia kuchota maji, kwa sababu ndoo yeye alikuwa haiwezi tena. Alikuwa hawezi kusimama sana, wala kukaa sana, wala kulala sana. Alikuwa anazungukazunguka kati ya hayo matatu kama mtu anayetafuta mlango.

Mumewe, Semboja, alikuwa mchoma matofali. Siku moja alisimama sokoni akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza dagaa, kwamba mgongo wake kapewa na Mungu kubebea tofali, hautachakaa kwa ajili ya moshi wa magari. Kesho yake akachukuliwa kwenda kuelimishwa. Walimwelimisha sana. Alirudi amefunikwa shuka.

Sasa binti yao, Hadaya, aliyeolewa Makongoro, ng'ambo ya vilima, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mila ya watu wale ni kwamba mtoto hupewa jina na mzee wa ukoo wake, akiwa amempakata mwenyewe, kabla ya kutoka arobaini. Serikali iliiheshimu sana mila hiyo. Iliiheshimu kwa kuiongezea kipengele: mtoto ambaye arobaini itamkuta hajapakatwa na mzee wake ni mtoto wa taifa, naye ataitwa Tindiro. Wa kike ataitwa Tindira. Na wazee wengi hawawezi tena kusafiri; nina hakika unaelewa ni kwa nini. Katika shule ya Makongoro mwalimu akiita jina moja darasa zima linasimama, na Tindiro mmoja akivunja dirisha wanachapwa wote.

Mzee aliyebaki katika ukoo wa yule mtoto ni Bi Zamoyoni peke yake.

"Nikichelewa," aliniambia akiwa amejiegemeza kwenye fremu ya mlango, "mjukuu wangu atabeba jina la mtu aliyemuua babu yake. Nitamwimbia nini akilia? Nitamwita vipi aje kula?"

"Na basi?" niliuliza, kwa ugeni wangu.

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Mara ya mwisho kupanda basi, alikwenda harusini kwa huyo huyo Hadaya. Walimshusha kama kabati, wanaume wanne wakielekezana, "kulia kidogo, shikilia hapo," kisha akalala chali mpaka bibi harusi akapata ujauzito. Kwa hiyo safari hii watoto wa kaka zake walichangishana wamnunulie gari, na aliyepewa kazi ya kulitafuta na kuliendesha ni Hamdani, fundi makenika, mtu wa ndevu za mvi na maneno mengi.

* * *

Tulikwenda kwenye yadi ya Bwana Mkwizu. Alitupokea amevaa tai, ameinama kidogo, maana alikuwa amezoea.

"Karibu mama, karibu! Hapa tuna magari ya kila heshima."

"Nataka gari la mgongo," akasema Bi Zamoyoni.

Mkwizu akatazama kushoto na kulia. "Mama, hapa tunasema gari la shukrani."

"Sema utakavyo. Mimi nataka kukaa."

Akatuonyesha kwanza gari la mwananchi. Sheria imeelekeza gari la mwananchi liwe chini, ili dereva akitaka kuinama asihangaike. Bi Zamoyoni akafungua mlango, akatafuta kiti kwa makalio, hakukiona, akaendelea kushuka, akashuka, mpaka tukasikia "mama yangu!" kutoka chini kama mtu aliyedumbukia kisimani. Kumtoa, Hamdani alivuta mikono, mimi nikasukuma, Mkwizu akahesabu "moja, mbili".

"Hili si gari," akasema akihema. "Hili ni kaburi lenye redio."

"Redio yake lakini, mama, ina sauti nzuri sana."

"Itakuwa inanisomea hitima."

Upande wa pili wa kamba iliyogawa yadi yalisimama mashangingi ya viongozi, meusi, marefu. Bi Zamoyoni hakutaka kununua. Alitaka kulinganisha tu. Akalisogelea moja. Kikanyagio chake kilimfikia gotini.

"Hili nalo mtu hapandi, anakwea. Wanakwea vipi na matumbo yale?"

"Wanasukumwa, mama," akasema Mkwizu kwa heshima. "Kuna idara."

Hamdani alikuwa anazunguka yadi, anabonyeza springi, anapiga tairi teke. "Shangazi, wewe unachotaka ni cha katikati. Kisiwe cha kudumbukia wala cha kukwea. Ufungue mlango, ugeuke, ukae, ndipo uingize miguu. Kama unavyokaa kitandani."

"Basi nitafutie kitanda chenye usukani."

Mkwizu akatuletea kimoja kirefu kidogo, chenye rimu za kung'aa kama sinia za harusi. Akaanza kuzisifu. Bi Zamoyoni akainyooshea kidole tairi, nyembamba kama chapati ya mtu mchoyo.

"Baba, gurudumu likigonga jiwe, jiwe linapokelewa na nani?"

"Na gari, mama."

"Mpira wenyewe uko wapi wa kulipokea? Jiwe hilo linakuja moja kwa moja kiunoni kwangu. Hamdani, tuendelee."

Tulikipata nyuma kabisa, chini ya turubai, nadhani walikisahau: kigari kifupi kama kipande cha sabuni, lakini kimesimama juu kwa miguu yake, tairi nene, mlango mpana, rangi ya maji ya kunde. Bi Zamoyoni akafungua mlango. Kiti kilikutana naye palepale alipokuwa. Hakushuka, hakukwea. Akageuka, akakaa, akaingiza miguu mmoja mmoja.

"Mama, unakionaje?" akauliza Mkwizu.

"Nyamaza. Kiti ni kama mchumba, mwanzoni wote wana adabu. Ngoja tuzoeane."

Tukangoja. Hamdani akapata kishikio cha pembeni, akainua kiti kidogo, akasogeza egemeo mbele kidogo, kama mtu anayemrekebishia mgonjwa mto. Kiti hakikuwa laini. Kilikuwa kigumu kiasi, kimebeba mapaja mpaka karibu na magoti, na pale penye bonde la kiuno kilikuwa na kilima chake. Bi Zamoyoni akafumba macho. Nilidhani anasali.

"Hamdani."

"Naam, shangazi."

"Hakiniumi."

"Hata kidogo?"

"Kimenishika kiuno kama mtu." Akafungua macho, yalikuwa na maji. "Tangu Semboja afe hakuna aliyenishika hapo."

Mkwizu akakohoa, akarekebisha tai. Hamdani akaruka kwenye usukani, akatupitisha kwenye matuta yote ya mtaa ule. Kila tuta, shangazi mtu akasema, "Pita tena." Tulipita tena na tena kama watu wanaotafuta kitu, na kitu chenyewe walikuwa wamekipata.

"Tunakichukua," akasema Hamdani.

"Vizuri sana," akasema Mkwizu, na sauti yake ikawa ndogo. "Kimebaki kukaliwa na Mgongo wa Taifa."

* * *

Wizara ya Ukaaji Bora iko kwenye jengo lisilo na hata benchi moja kwa wageni. Tulipokelewa uani, sisi na kigari chetu, na Katibu wake, Mheshimiwa Dokta Kiparo, ambaye udaktari alitunukiwa kwa kuhudhuria mikutano mirefu bila kuinuka. Mkwizu naye alikuja, kwa kuwa muuzaji ni lazima awepo ili apatikane wa kulaumiwa.

"Wananchi!" akasema Dokta Kiparo, ingawa tulikuwa karibu naye kiasi cha kunusa chakula chake cha mchana. "Serikali yenu sikivu, chini ya kivuli na juu ya mabega ya Mtukufu Tindiro, imegundua kwamba mtu anayeumwa hana utulivu wa kujua kinachomfaa. Maumivu humpendelea mwenye maumivu! Ndiyo maana tumetafuta mgongo mmoja, huru, usioumwa, usio na chuki wala upendeleo, ukae kwa niaba ya migongo yote."

Mgongo huo ukatoka ndani. Ulikuwa wa Bwana Sufiani, mnene, mlaini, amenyooka kama mlingoti. Waganga waliizunguka nchi nzima wakitafuta mgongo mzima, wakaupata huo tu. Sufiani ni mtoto wa binamu yake Mtukufu; amekulia ndani ya msafara, kwa hiyo hajawahi kuuinamia.

Akaingia kwenye kigari chetu. Akakaa. Akajinyoosha. Akasema "aaah". Haukupita muda akaanza kukoroma.

"Andikeni," Dokta Kiparo akawaambia makarani. "Kinastarehesha."

Hamdani akamkumbatia shangazi yake, kwa uangalifu. "Tumepita!"

"Mmeanguka," akasema Dokta.

"Tumeanguka vipi, mheshimiwa? Si kasinzia kabisa?"

"Ndiyo maana. Gari linalomstarehesha Mgongo wa Taifa ni gari la kiongozi. Gari la mwananchi ni lile linalomuumiza. Tukiwagawia starehe wananchi, ndugu yangu, viongozi watabaki na nini? Tutamtambuaje kiongozi?"

Hamdani akajikuna ndevu. "Kwa hiyo mheshimiwa, mgongo mbovu unafaa kukalia kile kinachoumiza mgongo mzima."

"Umeelewa haraka sana, ndugu."

Lakini Serikali haikosi huruma. Dokta akapiga makofi, wakaja maseremala wawili wamebeba ubao wenye kinundu katikati. Huo unaitwa kibao cha uzalendo. Unapigiliwa juu ya kiti, kinundu kikiangalia uti wa mgongo, na hapo gari lolote linakuwa la mwananchi bila malipo ya ziada. Dokta alitueleza faida zake zote. Moja ilikuwa kwamba anayekalia kibao hicho hufurahi sana anapoamriwa ashuke ainame.

Wakamwamsha Sufiani, akashuka akipiga miayo. Maseremala wakasogea na misumari mdomoni. Na Bi Zamoyoni akawapita katikati, akafungua mlango, akageuka, akakaa, akaingiza miguu, akafunga mkanda.

"Mama, toka," akasema Dokta Kiparo.

"Nitoeni."

"Nakuagiza kwa jina la Mtukufu!"

"Na mume wangu mlimtoa kwa jina hilohilo, hamkuniuliza. Leo mimi nimekaa. Pigilieni ubao wenu, nami niko juu ya kiti. Tuone msumari utapita wapi."

Maseremala wakatazamana. Mmoja akatema misumari kiganjani.

"Mama huyu anaumwa mgongo!" akafoka Dokta, kisha akashtuka kwa neno lililomtoka.

"Siumwi, baba. Nina shukrani tu."

Dokta akavuta pumzi ya hotuba. Nilimwona anavyoivuta, ilikuwa itufikishe jioni. Lakini kabla hajaitoa, ving'ora vikalia mwanzo wa barabara. Msafara!

Wakainama wote. Dokta akainama, makarani wakainama, maseremala wakainama juu ya kibao chao. Walinzi wa geti walikwisha kuinama zamani, kwa masikio. Mkwizu alikuwa ameinama nusu, akamalizia. Hamdani akainama kwenye boneti. Mimi nami, mgeni mwenye adabu, nikainama. Aliyebaki amesimama ni Bwana Sufiani. Hajawahi kuwa nje ya msafara maishani mwake, akawa anashangaa, "Mnatafuta nini?" Dokta akamkamata tai akamvuta chini. Tukasikia mlio kama wa bua linalovunjwa, na Mgongo wa Taifa ukalia kwa sauti nyembamba.

"Hamdani," sauti ikatoka garini. "Washa."

"Shangazi, msafara!"

"Nausikia. Wewe hapo unaona nini?"

"Viatu vyangu."

"Basi na wenzako wanaona vyao. Washa gari."

Nikaona viatu vya Hamdani vinasogea, pole pole, kuelekea mlango wa dereva. Nami nikaona si vizuri kubaki peke yangu na watu wa Serikali, nikatambaa mpaka kiti cha nyuma. Kiti cha nyuma cha kigari kile, nisiwadanganye, ni cha watu wafupi. Lakini hatukukinunua kwa ajili ya magoti yangu.

Geti lilikuwa wazi. Mageti yote hufunguliwa msafara ukipita, ili hata majengo yaonekane yana adabu. Hamdani akangoja gari la zulia lipite, akaingia nyuma yake. Shangingi lililofuata likapiga honi mara moja, likaacha. Dereva wake alidhani tumeongezwa.

* * *

Hivyo ndivyo Bi Zamoyoni alivyosafiri katika msafara wa Mtukufu, kati ya zulia na waziri wa mifugo. Lilikuwa jambo geni kuangalia barabara kwa upande ule. Tulipita sokoni, tukapita shuleni, tukapita kanisani, ambako bibi harusi alikuwa ameinama na shela yake imezama topeni. Migongo tu. Ya mashati, ya kanga, ya makoti, ya sare za shule. Uso hata mmoja haukuwepo.

Bi Zamoyoni akatazama muda mrefu. "Kumbe ndivyo anavyotuona," akasema. "Miaka yote hii hajaona mtu."

Kwenye njia panda msafara ukakata kwenda Ikulu, sisi tukakata kwenda Makongoro. Nilidhani tumekwisha kupona. Lakini huko nako watu walikuwa wamesikia ving'ora, na kitu chochote kinachosimama juu kidogo barabarani kwao ni Serikali. Kigari chetu kikatokea, wakainama. Wachimba mtaro wakainama ndani ya mtaro. Muuza viazi vitamu, Mama Tegemea, mwanamke mpana aliyejulikana barabara nzima kwa matusi yake, akainama juu ya kapu lake.

"Hamdani, simama."

"Shangazi, arobaini ya mtoto inaisha leo magharibi! Jua linakwenda!"

"Simama, nakwambia. Sitapita juu ya migongo ya watu."

Akateremsha kioo. "Inukeni! Ni mimi tu! Ni Zamoyoni, mjane wa Semboja!"

Hakuna aliyeinuka.

"Ni mtego huo," akasema Mama Tegemea kwa chini, akiviambia viazi.

"Mtego baba yako! Inua uso unione."

"Nikiinua watanipeleka kuelimishwa."

"Nani? Hebu chungulia uniambie ni nani yuko hapa wa kukupeleka."

Mama Tegemea akageuza jicho moja. Akageuza la pili. Akaona tairi, akaona mlango, akaona kikongwe mwenye kitenge cha buluu amefunga mkanda, amekaa wima kama bibi harusi wa picha.

"Ee!" akapiga ukelele. "Bibi kakaa kama waziri!"

"Waziri hakai, mwanangu, waziri hulala. Mimi nimekaa."

Mama Tegemea akaanza kucheka. Na mtu akicheka kwa tumbo kubwa hawezi kuendelea kuinama. Kicheko chenyewe kilimnyanyua. Aliponyooka mgongo ukalia kama kuni mbichi motoni, naye akatukana, akacheka tena. Wachimba mtaro wakachungulia. Mmoja akatoka, mwingine akatoka. Wakakizunguka kigari, wakapapasa kiti, wakauliza kinashikaje.

"Ving'ora bado vinalia kule," akanong'ona mmoja wao.

"Acha vilie," akasema Mama Tegemea. "Vina mdomo wao."

Ikawa hivyo njia yote ya vilima. Hamdani anataka kukimbia, shangazi anamwambia asimame, watu wanainuka. Na kwa kuwa gari linalosimama kila mara halimshindi mtembea kwa miguu, nyuma yetu likatokea kundi, halafu kundi kubwa zaidi, na mbele yao Mama Tegemea na kapu lake kichwani.

* * *

Tulifika Makongoro jua limekaa juu ya paa. Chumbani kwa Hadaya, pembeni ya kitanda, alikuwa amekwisha kukaa Afisa wa Majina, Bwana Lukindo, kalamu mkononi, anaangalia dirisha kama mtu anayengoja chakula kiive. Hadaya alikuwa amemkumbatia mtoto, amempa afisa kisogo.

Bi Zamoyoni akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Hadaya alipomwona mama yake amesimama, hakushikwa wala hakubebwa, akamgeukia. Akamnyooshea mtoto tu. Bibi akakaa kitandani, akampakata, akamtazama usoni.

"Semboja," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Lukindo akainua kalamu juu. "Subirini. Subirini kwanza. Bibi, umekuja na nini?"

"Gari."

"Leo barabara ilikuwa ya msafara. Kila aliye njiani alikuwa ameinama, na aliyeinama haoni. Sasa ni nani aliyekuona unapita? Kisheria, mtu asiyeonwa hajapita. Asiyepita hajafika. Na asiyefika hawezi kupakata mtoto."

"Na huyu unayemwona kapakata ni nani?"

"Hilo mimi siwezi kulisemea."

"Walioniona ni wengi."

"Waje waseme." Akatabasamu, na alikuwa na sababu. Kusema ulimwona Bi Zamoyoni ni kusema uliinua uso ving'ora vikilia, na kila mtu alijua mwenye kosa hilo hurudi vipi nyumbani. Hadaya akamshika mama yake mkono. Jua likashuka kidogo, Lukindo akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, nikaona anaanza kuandika T.

"Mimi nilimwona."

Mama Tegemea alikuwa mlangoni, jasho linamtiririka, kapu bado kichwani.

"Wewe ulikuwa umeinama," akasema afisa.

"Nilikuwa nimesimama."

"Mama, unajua unachokisema?"

"Nakijua. Nilisimama nikamwangalia mpaka nikashiba. Andika hivyo, na jina langu andika vizuri, mie ni Tegemea binti Kudra, nauza viazi njia panda, wakinitafuta wasisumbuke."

"Na mimi nilimwona," akasema mchimba mtaro nyuma yake. "Kitenge cha buluu."

"Hata mimi. Alinisemesha."

"Mimi nilishika kiti chake!"

"Sisi ndio tuliokuwa tumekaa naye," akasema Hamdani, na mimi nikasema ndiyo.

Maneno yakatoka chumbani yakaenda uani, yakatoka uani yakaenda barabarani. Kila mtu alikuwa amemwona. Hata watu waliokuwa mashambani siku nzima, ambao nina hakika hawakuona kitu, nao walimwona.

"Nitawakamata wote!" akapiga kelele Lukindo.

"Kamata," akasema Mama Tegemea, akatua kapu lake. "Anzia hapa."

Afisa akatazama mlango, asione mlango, aone watu. Alikuja na baiskeli, na pingu za mtu mmoja. Nikamwona anapiga hesabu nyingine. Akiripoti kwamba barabara nzima ilisimama wima msafara ukipita, tena katika eneo lake, ataelimishwa nani kwanza? Akaifuta ile herufi. Akaandika polepole, kalamu ikikwaruza.

"Tayari," akasema.

"Soma," akasema Bi Zamoyoni.

"Semboja," akasema afisa mdomoni mwake.

"Wa nje hawajasikia."

"Semboja."

"Baba, huyo mwenye jina alisema mpaka kwa wauza dagaa wakasikia. Na wewe una mshahara."

Lukindo akavuta pumzi, akageukia dirisha.

"Semboja!"

Na watu waliokuwa uani wakaitika kwa pamoja:

"Yupo!"